Sikujitolea, Nilitolewa

Watu wanaosema kwamba nilijitolea kulea watoto wa kijiji hawakuwepo mkutanoni. Mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma kabisa, pamoja na wanawake waliokuja na mihogo yao wakawa wanamenya huku wakisikiliza, na nikasikia jina langu likitajwa na mwenyekiti wa kijiji kama mtu anayetaja jembe lililookotwa stoo.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumepata binti wa darasa la saba aliyejitolea kulea watoto wadogo kila asubuhi, ili mama zao wafanye kazi za kijiji bila visingizio. Tumpigie makofi."

Watu wakapiga makofi. Baba hakupiga. Mimi nilikuwa na kisu cha mama mkononi na nusu ya muhogo, na sikuwa nimeulizwa neno.

Sababu niliijua. Baba alitoka Murukulazo, upande wa Ngara, kabla sijazaliwa, akavuka kuja Biharamulo kutafuta ardhi. Alifyeka pori peke yake, akapanda migomba, akajenga. Ilipokuja amri ya watu wote kuhamia kwenye kijiji cha Ujamaa, alikataa. Mgambo wakaja wakang'oa nyasi za paa letu mchana, mama akiwa ndani anapika. Baba alisimama mbele ya watu akamwambia mwenyekiti kwamba yeye ni mtu mzima anayetumwa kama mbwa. Tangu siku hiyo kila kazi mbaya ya kijiji ilipata njia ya kufika kwetu: kuchimba vyoo vya shule, kubeba mawe ya daraja, kulinda pamba. Sasa ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na mwenyekiti alijua kwamba nililia siku majina yalipobandikwa.

"Utakwenda," baba aliniambia tukirudi nyumbani. "Usipokwenda watasema nimekukataza mimi. Lakini usiwafanyie vizuri."

Hayo ndiyo maagizo niliyoanza nayo kazi.

Walinipa banda la nyasi lisilo na kuta, lililojengwa kwa ajili ya pamba, kati ya mistari miwili ya nyumba. Walinipa sufuria moja kubwa na pipa la maji. Watoto walikuwa thelathini na wanane, wa miaka mitatu mpaka sita. Mama zao waliwaacha alfajiri, kengele ya shamba la kijiji ikishagongwa, wakaondoka mbio bila kugeuka nyuma. Wengine walikuwa Wasubi, wenyeji wa pale, wengine watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza, na wachache Wahangaza kama mimi. Kiswahili hawakujua, kwa sababu kwetu Kiswahili ni lugha ya shule na ofisi, na wao walikuwa bado hawajafika huko. Walilia kila mmoja kwa lugha yake. Waliokuwa na mbio walikimbia kufuata mama zao, nikawa nawakamata njiani kama kuku. Msichana mmoja aliniuma hapa, chini ya kidole gumba, mpaka damu.

Niliwachukia. Siandiki hivyo kwa kutia chumvi. Niliwachukia kwa kamasi zao, kwa kelele zao, kwa kuwa mchana nilipowakabidhi, mimi pia nilitakiwa kwenda shambani kumalizia kipande cha baba. Nilikata ufito wa mgunga, nikawakalisha mistari, na aliyenyanyuka alichapwa. Banda likatulia. Mwenyekiti alipita siku moja na baiskeli yake, akasimama, akatazama watoto walivyokaa kimya, akasema, "Vizuri sana binti. Huo ndio uongozi."

Wiki ya tatu, mtoto wa kiume wa miaka kama minne alitia mchanga kwenye sufuria ya uji. Konzi nzima, huku ananitazama usoni. Nilimchapa miguuni mpaka mistari ikavimba, na sikuacha alipoanza kulia. Niliacha nilipochoka.

Mchana mama yake alikuja kabla ya wenzake. Alikuwa Msukuma, mwembamba, mwenye mwanya mpana kwenye meno ya mbele, na jembe lilikuwa bado begani.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

Hakuitikia. Hakuna aliyewahi kuninyima marahaba kabla ya siku hiyo, na nilihisi kama nimemwagiwa maji.

"Nani amempiga mwanangu?"

"Mimi. Ametia mchanga kwenye uji wa wenzake."

"Wewe ulipenda kuja hapa?"

"Hapana."

"Mimi nilipenda kwenda kule shambani?"

Niliuficha ufito nyuma yangu.

"Mimi nimelazimishwa," alisema. "Wewe umelazimishwa. Hasila zako umeziteremsha kwa huyu. Sasa huyu, mwenye miaka minne, aziteremshe kwa nani?"

Wanawake wengine walikuwa wameshafika, wamesimama wanasikiliza. Akanisogelea karibu.

"Ukimgusa tena, nitauvunja huo mkono. Hata mwenyekiti akiwa amekushika."

Alimbeba mtoto mgongoni akaenda. Alikuwa amesema "hasila" badala ya "hasira", na mimi mwenye cheti cha darasa la saba nikajifariji njia nzima kwa kumcheka moyoni. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Kesho yake niliuacha ufito nyumbani. Ningependa kusema dhamiri ilinisuta, lakini niliogopa mkono wangu. Watoto waligundua kabla jua halijapanda. Mmoja alisimama, akanitazama, hakuna kilichotokea. Wa pili akasimama. Baada ya muda mfupi banda zima lilikuwa kama soko siku ya mnada, na mimi katikati napiga kelele kwa Kiswahili wasichokielewa.

Nilipiga kelele siku nyingi, mpaka sauti ikakauka. Nilipata mafua mabaya, nikawa siwezi kutoa ila mnong'ono. Mama alisema nibaki nyumbani, lakini kubaki nyumbani kulimaanisha mgambo kuja kumuuliza baba, kwa hiyo nilikwenda. Siku hiyo nilikaa chini kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu, nikanong'ona kwamba nataka maji. Watoto wawili wakasogea kusikia ninasema nini. Halafu watano. Mwishowe walikuwa wamenizunguka wote, wameinamisha vichwa, kimya, kama watu wanaosikiliza siri. Mtoto mmoja akasema "minzi", akimfafanulia mwenzake kwa Kisukuma. Mwingine wa kwetu akasema "amazi". Wakabishana. Halafu wakaenda wote kwenye pipa, wakaniletea maji katika makopo saba.

Sauti iliporudi, sikuirudisha kazini.

Palikuwa na msichana wa miaka sita, mkubwa kuliko wote, aliyekuja kila siku na mdogo wake mgongoni. Mimi hakunitii hata kidogo, lakini wenzake walimfuata popote. Nilimwonea wivu, nikaanza kumchunguza ili nijue anawalisha nini. Hakuwa akiwaambia kitu. Alianza kufagia, wakaokota matawi wakafagia. Alianza kunawa, wakapanga mstari. Hakuwahi kumtuma mtu kazi ambayo mikono yake haikuwa tayari ndani yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda natoa amri kama mwenyekiti. Ilinichoma sana kugundua nilijifunza kazi hiyo kutoka kwa nani.

Kwa hiyo nikaanza kufagia. Nikanawa nao. Nikajifunza maneno yao, nikawapa yangu, na baada ya mavuno mawili walikuwa wanaimba hesabu kwa Kiswahili mpaka ishirini. Nikaanza kuwajua. Aliyeamka na njaa nilimjua kwa macho kabla hajakaa. Aliyepigwa nyumbani nilimjua kwa namna alivyoinua kiwiko nikipita karibu naye. Yule wa mchanga aliinua kiwiko kwangu mwaka mzima.

Kwa wakubwa mambo hayakuwa hivyo. Nilipokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza habari za watoto, wanawake walinipokea mlangoni. "Umetumwa upeleleze?" mmoja aliniuliza. Kwao nilikuwa mtu wa mwenyekiti. Kwa mwenyekiti nilikuwa binti wa mkaidi. Nilikuwa sina upande, na mtu asiye na upande hupigwa kutoka pande zote.

Hata hivyo baada ya mavuno ya mwaka wa pili niliwaomba kila nyumba debe la mahindi kwa uji wa watoto. Nilibembeleza, nikagombana, nikarudi nilikofukuzwa. Mama mwenye mwanya alinisimamisha uani kwake juani mpaka akamaliza kupepeta mtama wote, ndipo akanipa debe lake, akanifungia mlango. Tulipeleka mahindi yale mashineni kidogo kidogo, na unga ukajaa magunia matatu. Magunia yote ya kijiji yalifanana, kwa hiyo niliyashona yale matatu kwenye pembe kwa uzi mwekundu. Tuliyaweka kwenye stoo ya kijiji, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti.

Kisha vita vikaja.

Tulisikia kwenye redio ya duka la kijiji kwamba Nduli, mtawala wa nchi jirani, ameingia nchini, amechukua ardhi ya kwetu Kagera, ng'ambo ya mto. Malori yalipita barabara kuu yakiwa yamejaa askari. Mgambo wa kijiji walioitwa walikwenda, na kati yao alikuwepo mume wa mama mwenye mwanya. Sitaki mtu afikiri kwamba watu walilazimishwa kuchangia vita vile. Watu waliokuwa wakificha mbuzi wasihesabiwe na kijiji waliwatoa wenyewe wakiwa wanawavuta kwa kamba. Baba, ndiyo, baba yangu, alitoa maharage magunia mawili, akayabeba mwenyewe mpaka barabarani, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuyafikisha.

Wiki chache baadaye nilikwenda stoo kuchukua unga wa wiki. Mwenyekiti akanifungulia mlango nione. Pembe ya stoo tulipoweka magunia ya watoto ilikuwa tupu.

"Unga umekwenda kwa askari wetu," aliniambia. "Watoto nao ni wananchi. Nao wamechangia."

Nilimwamini. Nilijivuna, hata. Nilirudi bandani nikawaambia watoto kwamba uji wao umekwenda vitani kupigana na Nduli, na wakashangilia. Siku zilizofuata walikuja na vipande vya muhogo wa kuchoma, wengine na kiazi kimoja, wengine mikono mitupu. Mashamba ya nyumbani yalikuwa hayajakomaa na nguvu za wanaume waliobaki zilikuwa shamba la kijiji. Kufikia saa nne watoto walikuwa wamelala chini, si kwa usingizi. Nyimbo za hesabu zilikufa zenyewe. Yule msichana mkubwa, aliyekuwa bado anakuja kwa ajili ya mdogo wake, alimmegea muhogo wote kisha akakaa analamba vidole.

Mwenyekiti naye alikuwa na mtoto bandani. Alikuwa msichana wa miaka minne, mnene, msemaji, aliyenipenda kupita watoto wote, nami nilijitahidi kutompenda kwa sababu ya baba yake na nikashindwa. Asubuhi moja alinikuta nimekaa karibu na sufuria tupu. Akaniegemea begani.

"Mwalimu, kwetu uji upo."

"Upo?"

"Mama anapika kila siku. Gunia lina uzi mwekundu. Mimi hulikalia nikinywa."

Nilimwuliza tena, polepole. Akanionyesha pembe ya kanga yangu, mahali ambapo uzi ungekuwa.

Sijui kama nimewahi kuwa na hasira namna ile tena. Nilifikiria debe la mama mwenye mwanya, mume wake akiwa vitani. Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi, na nilihesabu siku nikitengeneza maneno. Ningesimama, ningesema gunia lina alama gani, lipo wapi, na nani amesema. Baba angesikia. Kijiji kizima kingesikia.

Jumamosi nilisimama. Mwenyekiti akaniruhusu kusema. Nikafungua mdomo, na nikamwona yule mtoto mbele, amekaa kwenye mapaja ya mama yake, ananipungia mkono kwa furaha kwa sababu mwalimu wake amesimama mbele ya watu.

Ningemtaja, angelala wapi siku hiyo?

"Nauliza tu, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Unga wa watoto ulipokelewa na nani kule jeshini?"

"Hizo ni siri za vita," akajibu. "Kaa chini, binti. Rudi kwenye makamasi yako."

Watu walicheka. Mama mwenye mwanya hakucheka, lakini alinitazama kwa dharau ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Baba aliondoka kabla mkutano haujafungwa. Nilikaa chini, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba kuna kitu kigumu kuliko kusema ukweli hadharani. Ni kuushika ukweli mkononi, ukijua nani ataumia, na bado kutafuta njia ya kuufikisha.

Jumatatu asubuhi, mama zao walipokwisha kwenda shamba, niliwaambia watoto wachukue makopo yao. Nikampanga yule msichana mkubwa mbele, na wadogo kabisa nikawashikisha mikono. Walikuwa thelathini na sita siku hiyo, bila mtoto wa mwenyekiti, ambaye nilimshika mimi mwenyewe. Tulipita katikati ya kijiji kwa mstari mmoja, kimya, makopo yanagongana. Tulipofika uani kwa mwenyekiti, niliwakalisha chini mbele ya mlango wa jiko. Mimi nikakaa chini pamoja nao.

Mke wa mwenyekiti alitoka. Alikuwa mwanamke mtaratibu ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake mkutanoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Watoto wana njaa, mama. Wamekuja kwa kiongozi wao."

Alitazama makopo. Alitazama nyuso moja moja, mpaka mwisho wa mstari, na ilimchukua muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu kumi.

"Wako wangapi?" akauliza.

"Thelathini na sita. Na wako."

Akaingia ndani. Nikasikia kuni zikivunjwa. Kisha akatoka anaburuta gunia, pembe yake ina uzi wangu, akalifungua pale pale mlangoni mbele ya macho yangu, akapima unga, hakunitazama.

Habari zilifika shambani haraka kuliko mtu wa mbio. Wanawake walianza kutokea na majembe yao. Mwenyekiti alifika na baiskeli, mgambo wawili wanamfuata kwa miguu. Uji ulikuwa umeshachemka. Mke wake alikuwa anakoroga, mgongo umemwelekea.

"Nani amekuruhusu kuleta maandamano nyumbani kwangu?" alinifokea. "Nchi iko vitani!"

Nilisimama. Kwa sauti ile ile ya bandani nikasema, "Si maandamano, Ndugu Mwenyekiti. Watoto wanasubiri uji."

"Sema kwa sauti!"

"Wanasubiri uji."

"Unajua mhujumu anaishia wapi? Unajua nikiandika barua moja tu utaonekana adui wa taifa, wewe na baba yako?"

Hapo mama mwenye mwanya alipita katikati ya mgambo. Alimsogelea mwenyekiti kama alivyonisogelea mimi siku ile, akanyoosha kidole kwenye gunia.

"Mume wangu yuko vitani," alisema. "Ulisema unga wangu umekwenda kwake. Nionyeshe njia uliyopitia mpaka ukarudi jikoni kwako."

Mke wa mwenyekiti alichota uji, akaanza kujaza makopo kutoka mwanzo wa mstari, na watoto walipuliza, wakanywa. Hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika uani, watu wazima wote wamesimama.

Mgambo walinikamata baada ya watoto kumaliza. Walinifungia katika ofisi ya kijiji mpaka jioni, pamoja na mizani mbovu na mafaili, kisha katibu kata akaja na kunihutubia. Alisema nimeaibisha kiongozi mbele ya wanawake. Alisema vijana kama mimi wana nguvu lakini hawana mwelekeo. Kuhusu unga hakusema hata neno moja. Mwisho akatangaza kwamba nimeondolewa katika kazi ya kujitolea.

"Huwezi kuniondoa," nilimwambia. "Sikujitolea."

Hakuelewa, au alielewa.

Magunia mawili yalirudishwa stoo kimyakimya. La tatu lilikuwa limekwisha kuliwa. Kwa siku tatu nilijiona mshindi. Siku ya nne nilikwenda kisimani nikamkuta mke wa mwenyekiti na binti yake. Mtoto hakunikimbilia. Alijificha nyuma ya mama yake, na alipogeuka niliona miguu yake. Mistari imevimba. Niliifahamu mistari ile, kwa kuwa niliwahi kuichora mwenyewe kwenye miguu ya mtoto mwingine.

"Baba yake alijua nani amekwambia," mama yake alisema. "Kwetu hakuna mwingine anayekuja kwako."

"Sikumtaja, mama. Naapa."

"Najua hukumtaja." Alijitwisha ndoo yake. "Ulimshika mkono ukamleta mbele ya mstari."

Hilo sijawahi kulijibu. Nilijipongeza kwa kunyamaza mkutanoni, nikasahau kwamba mkono wangu ulikuwa unasema. Mtoto yule hakuletwa tena bandani. Nilikuwa nikimwona kwa mbali, na alijifunza mapema kutonitazama.

Wanawake, bila kuitisha mkutano wala kumwuliza mtu, walianza kwenda shamba la kijiji na watoto wao wote. Wengine mgongoni, wengine kandokando ya matuta. Watoto walikanyaga miche, walipotea kwenye mahindi, walilia, na mama zao waliacha majembe kila dakika kwenda kuwatafuta. Mwenyekiti aliwafokea. Wakamwambia mlezi hayupo. Akamteua binti mwingine; wakasema huyo hawamjui. Palizi ilichelewa, na wilayani walikuwa wanauliza.

Alikuja kwetu mchana wa jua kali, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta. Baba aliingia ndani. Mimi nilikuwa natwanga, na sikuacha kutwanga.

"Kijiji kinakuhitaji," akasema.

"Kijiji kimenifukuza."

"Utarudi au hurudi?"

Nikaweka mchi chini. Nilimwambia ufunguo wa stoo ukae kwa wanawake watatu watakaochaguliwa na wenzao. Nilimwambia sitalima kipande cha kijiji mchana baada ya kulea watoto asubuhi. Nilimwambia banda lipigwe kuta kabla ya mvua. Na nilimwambia asirudie kusema mahali popote kwamba nilijitolea, mpaka siku atakaponiuliza nami nikubali.

Alinitazama kwa chuki safi, ambayo sikuwahi kuilaumu, kwa kuwa yangu ilikuwa safi vilevile.

"Unajitolea?" akauliza. Neno lilimtoka kama mfupa wa samaki.

"Ndiyo," nikasema. "Sasa ninajitolea."

Nilirudi. Baada ya vita, wanaume walionusurika walirudi, mume wa mama mwenye mwanya akiwa mmoja wao, na kijiji kikachagua halmashauri mpya. Mwenyekiti alichaguliwa tena, msifikiri vinginevyo. Lakini wanawake walilitaja jina langu, safari hii wakiwa wameniuliza kwanza, na nilipata kura za kutosha kukaa kwenye benchi la wajumbe, wa pili kutoka mwisho. Nilipokuwa naondoka, mama mwenye mwanya alinisimamisha njiani.

"Nimekupigia kura," alisema. "Usidhani nakupenda."

"Sidhani, mama."

"Vizuri."

Nyumbani nilimkuta baba amekaa nje. Alikuwa ameshasikia. Nilidhani atafurahi kwamba binti yake atakaa uso kwa uso na mtu aliyeng'oa paa lake. Alisogeza kigoda chake mbali na changu.

"Kwa hiyo umekuwa mmoja wao."

"Nimechaguliwa na wanawake, baba. Si na yeye."

"Benchi ni moja," akasema. "Mwenye kukaa kwenye benchi ni kiongozi, na kiongozi ale na viongozi."

Hakula nami tangu jioni ile mpaka maharage yalipovunwa. Chakula changu nilikula jikoni na mama, ambaye hakuunga mkono upande wowote, ila aliniwekea nyama ya juu ilipokuwepo. Sikumbembeleza baba wala sikuacha benchi. Siku za kikao nilikwenda kwenye kikao nikarudi na vumbi la ofisi, na siku nyingine zote, kengele ya shamba ikishagongwa, nilikwenda kufungua mlango wa banda, ambalo sasa lilikuwa na kuta.